Wasifu wa Mzee Zenon Kalonje, Aliyevuta Waya Mazwi na Kunyamaza Mara Moja

Baba Padre, wazee wetu, majirani wa Mazwi, na ninyi mliosafiri kutoka Kipili na Tukuyu, poleni na njia na poleni na msiba. Wenye mikeka wakae. Wasio na mikeka waegemee ntumba, vichuguu vile vya maharage hapo pembeni, ila wasizibomoe, maana mwenye shamba yupo hapa na anawatazama. Maisha ya Mzee Zenon hayakuwa mafupi, na yeye mwenyewe aliagiza kwamba kuna mahali pamoja ambapo yasifupishwe hata kidogo. Mahali hapo tutafika.

Marehemu Zenon Kalonje alizaliwa tarehe 14 Septemba 1949, karibu na Kaengesa, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Leonidas Kalonje na Mama Veronika. Aliyemtangulia ni dada yake, Fidea, ambaye tunaye hapa, na ambaye alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikaanza kuburuza chini. Mwaka 1956 baba yao alihamia Sumbawanga, na wazee wa mji wakampa kipande hiki cha mtelemko unaoshukia mto Lwiche, hapa hapa tulipokusanyika leo. Zenon alikulia kwenye majani haya. Kwa wageni wetu tueleze: kwetu Ufipa shamba likichoka linaachwa lilale miaka kadhaa, majani yanajiotea, na asiyejua hudhani ni pori. Kisha unafika mwaka wake. Mvua ikishalainisha ardhi, mwezi wa pili, akina mama huingia na majembe, hupindua majani na udongo wake, huyafunika, hutengeneza vichuguu. Hizo ndizo ntumba. Majani yanaoza humo ndani, na maharage yanapandwa juu. Kijana Zenon alikuwa akimvutia mama yake kamba ya katani ili ntumba zikae kwenye mstari. Mama Veronika alicheka akamwambia, "Wewe mtoto, hili ni shamba, si reli."

Alianza shule ya misheni mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ni mpole na hukaa karibu na dirisha. Familia haikuelewa maana yake mpaka ilipojulikana kwamba nje ya dirisha lile zilipita nyaya za simu. Mwaka 1967 alichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa simu, akarudi baada ya miaka miwili na cheti, koti la mvua, na mkanda wa kupandia nguzo ambao hakuuacha maisha yake yote.

Kazi aliianza Mbeya mwaka 1969, na mwaka 1975, mkoa wa Rukwa ulipokuwa bado mchanga, alihamishiwa nyumbani Sumbawanga. Yeye na wenzake walitengeneza njia za simu kuelekea Namanyere na kuteremka mpaka Kipili ziwani. Watu wa Kipili watakumbuka kituko chake. Hakuchimba shimo la nguzo kabla ya kumtafuta mwenye kiwanja, akachutama, akapiga makofi yale ya taratibu tunayowasalimia nayo wakubwa, ndipo akaomba. Serikali ilikuwa imeshampa kibali, lakini yeye aliomba tena. Wavuvi walimtania.

"Fundi, unaombea shimo? Kwani unazika?"

"Shimo ni shimo, shemeji," aliwajibu. "Mwenye ardhi akijua, nguzo husimama. Asipojua, nguzo ni kuni."

Neno lile "shemeji" hakulitupa bure. Katika nyumba mojawapo aliyoombea shimo alikuwapo binti anayeitwa Perpetua. Nguzo ile ilihitaji kukaguliwa mara nyingi mno, na baba wa binti, Mzee Ignasi, akamwambia hatimaye, "Kijana, nguzo haiumwi. Sema unachotaka." Walifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 3 Julai 1976. Mungu aliwajalia watoto watatu: Oliva, Flavian na Adriano. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa yao, Mama Perpetua anashuhudia kwamba mumewe hakuwahi kuingia chumbani bila kubisha hodi.

Kisha zikaja zile nyakati za soko huria. Mashirika yakapunguza watu, na mwaka 1996 Mzee Zenon alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Wenzake wengi walichukua kiinua mgongo wakanunua mashine za kusaga. Yeye alinunua dishi kubwa na marobota ya waya wa kebo. Mtaa mzima ulimsikitikia Mama Perpetua. Lakini Juni 1998, wakati wa Kombe la Dunia, nyumba kumi na moja za Mazwi ziliangalia mpira kwenye waya wa Mzee Kalonje, na zisizo na waya zilijaa madirishani. Nguzo zake zilikuwa za mkaratusi, alizozipaka oili chafu mwenyewe kuzuia mchwa. Kila nyumba iliyokubali nguzo isimame uani kwake iliangalia bure. Majina ya nyumba hizo aliyaandika kwenye daftari la jalada gumu: nani kakubali, siku gani, na kwa neno gani. Bibi mmoja wa Mazwi aliandikiwa hivi: "Amekubali, ila nguzo isimtazame jikoni."

Mwaka 2008, akiwa anakaribia miaka sitini, alijifunza mambo ya intaneti kwa kuuliza vijana na kusoma vitabu vya fundi mmoja wa Mbeya. Akaipitisha kwenye waya ule ule wa televisheni. Ilikuwa ya polepole. Flavian anasema ukifungua picha ya mtu ulianza kuona nywele, ukaenda kunywa chai, ukirudi umefika kwenye kidevu. Lakini watu walitumiana barua na watoto wao walioko vyuoni, na vijana walikuja kwenye kibaraza chake, "Mzee, mambo?" naye akiwajibu, "Shikamoo kwanza, mambo baadaye."

Mwaka 2014 ikafika mjini kampuni ya faiba. Ile ni waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, na kasi yake haikuwa ya kulinganishwa na ya kebo. Mzee Zenon hakukaa kulia. Alibadilisha visanduku vyote vya kukuza mawimbi, alipanda nguzo akiwa na miaka sitini na mitano, Mama Perpetua akiwa chini ameshika rozari. Alipofanikiwa kuongeza kasi, kampuni nayo iliongeza. Alipoongeza tena, wao wakaongeza mara tatu. Wateja wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, maana sisi ni watu wa adabu. Walikuja kumuaga kama wanaokwenda ng'ambo. Hata katekista alikuja. "Mzee, si kwa ubaya," alisema. "Najua, mwalimu," alijibu Mzee Zenon. "Hata mimi ningekuwa wewe ningehama." Usiku huo hakula.

Aliyebaki na uzito ni mteja mmoja: chuo kilichoko upande wa pili wa mtelemko huu. Chuo kikiondoka, waya wa Kalonje hauna maisha. Na kampuni ilikuwa imekiahidi chuo kwamba faiba itafika kabla ya Krismasi ya 2015.

Msimamizi wa uchimbaji alikuwa kijana kutoka Tukuyu, Andwele, aliyepanga chumba hapa Mazwi nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee. Asubuhi moja ya Oktoba alipita kibarazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnakwendaje na mitaro yenu?"

"Ardhi ngumu, mzee, kama chuma. Nataka nikate njia ya mkato kule mtelemkoni. Wenzangu wanasema pale ni pori tu, lakini nimeona nikuulize wewe mwenyeji. Yale majani yana mwenyewe?"

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo mahali alipoagiza pasifupishwe.

Majani yale yalikuwa na mwenyewe. Ni haya haya mliyoyakalia. Mwenyewe ni Fidea, dada yake wa tumbo moja, na mwaka ule ulikuwa wa tano tangu shamba lilale. Mzee Zenon alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba mwezi wa pili wanawake wangeingia na majembe. Alijua pia kwamba katika ardhi ngumu ya Oktoba, vibarua wanaoharakishwa wangechimba futi moja na kufukia. Mtu aliyeomba ruhusa ya kila shimo kutoka hapa mpaka Ziwa Tanganyika alimtazama kijana aliyekuja kuomba kama yeye, akamjibu, "Majani ni majani tu, mwanangu."

Andwele alishukuru, akaenda. Faiba ilifika chuoni tarehe 18 Desemba. Mzee Zenon aliuondoa waya wake wa pale, akauviringa, akaurudisha stoo. Mama Perpetua anasema alikuwa kama mtu anayehesabu siku, naye akadhani anahesabu za uzee.

Jumanne tarehe 16 Februari 2016, Mama Fidea na wenzake sita waliingia shambani. Kufikia saa nne asubuhi jembe lake lilikwama kwenye kitu cheusi. Alipiga la pili, alipiga la tatu, kikakatika. Alikiinua akakigeuza mkononi. "Mzizi gani huu hauna utomvu?" akauliza. Mwenzake akamwambia, "Tupa huko, labda ni wa mti wa kizungu." Wakacheka, wakaendelea, na kwa kuwa mstari wao ulifuata mtaro, mpaka saa saba walikuwa wameukata mzizi ule mahali pengine panne.

Chuo kilikatikiwa intaneti kikiwa katikati ya kusajili wanafunzi. Mchana huo huo mkuu wa chuo alimpigia simu Mzee Zenon: "Mzee wetu, tumekosea kukuacha. Turudishie waya wako, hata leo." Kwa hiyo alikuwa ameshinda. Alikwenda stoo, akalitoa robota, akalibeba begani mpaka mlangoni. Hapo ndipo Oliva alipofika akihema.

"Baba, shangazi kachukuliwa na polisi."

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema kahujumu mkongo wa mawasiliano. Yuko kituoni na jembe lake."

Oliva anasema baba yake aliliweka robota chini polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto. Alitembea kwa miguu mpaka kituoni, akakataa bodaboda. Alimkuta dada yake, mwanamke aliyepita miaka sabini, amekaa kwenye benchi, udongo umemkauka miguuni, na jembe limewekwa mezani kama kidhibiti. Fidea alipomwona alisema, "Afadhali umekuja, mdogo wangu. Wewe mtu wa nyaya, waeleze hawa kwamba mimi nilikata majani yangu." Mzee Zenon akashindwa kumtazama. Akamgeukia mkuu wa kituo na bwana mkubwa wa kampuni aliyekuwapo, akasema, "Huyu hana kosa. Na kijana wenu aliyechimba, kosa lake ni dogo. Aliniuliza, nami nilijua, nikanyamaza. Nilitaka waya wenu ukatike."

Fidea aliachiwa jioni ile. Lakini Andwele alikuwa ameshafukuzwa kazi tangu saa tisa, na karatasi ikishatoka ofisini hairudi kirahisi. Ungamo la Mzee halikutoka nje ya kituo, na mji ulishapata hadithi yake: kwamba kijana yule wa Tukuyu alikuwa mzembe, alilala akawaacha vibarua wachimbe watakavyo. Hadithi hiyo wengine wenu mlioko hapa mliisimulia, nasi wa familia tuliisikia tukanyamaza. Kwa hiyo hakunyamaza Mzee Zenon peke yake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda chumbani kwa Andwele, akamkuta anafunga godoro kwa kamba. Mzee mwenye mvi alipiga magoti sakafuni, akapiga makofi yale ya taratibu. Andwele aliruka nyuma.

"Mzee, inuka! Usinipigie magoti, utaniletea laana."

"Nimeshakuletea. Niache niiondoe."

"Ulinijibu vibaya kwa nini? Mimi nilikuja kwako kwa heshima."

"Kwa sababu ulikuwa unanishinda."

Andwele anatuambia kwamba alikaa juu ya lile godoro. Kisha akasema, "Angalau ungenidanganya kwa bei kama wafanyabiashara wengine, mzee, si kwa majani." Wakacheka wote wawili, na Mzee Zenon akaanza kulia. Mama Perpetua akaletewa mgeni wa chakula cha mchana ambaye alikaa miezi tisa.

Robota lile la waya halikurudi chuoni. Mzee Zenon alimwambia mkuu wa chuo asubiri faiba itengenezwe, kisha akaenda mwenyewe kuonyesha njia: pembeni mwa shamba, si katikati, futi nne kwenda chini, na Mama Fidea ameombwa kwanza. Fidea alikubali kwa sharti moja, kwamba mwenye kuomba achutame. Bwana mkubwa wa kampuni alichutama na suti yake na tai. Miezi ile tisa Mzee alitembea na Andwele Ufipa yote wanayoijua watu wa waya, akimwonyesha: majani haya ni ya fulani, yamelala mwaka wa pili, haya yataamka mwakani, hapa usiguse mpaka mvua ipite. Andwele aliandika yote. Kampuni ilipoona kwamba mitaro yake mingine nayo inakatwa na majembe, na kwamba mtu anayejua majani yanalala lini ni mmoja tu, ilimrudisha kazini Desemba 2016, na mpaka leo ndiye msimamizi wa njia zote za mkoa.

Mzee Zenon hakushinda mashindano yale, na tusimpambe kwa kusema alishinda. Faiba ilichukua mji. Mwaka 2019 aliamua kufunga, na alifunga kama alivyofungua: nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, alichutama kwa kila aliyempa mahali pa nguzo, akashukuru, akang'oa, akafukia shimo. Nguzo ya yule bibi aliing'oa mwisho. Daftari alimpa Andwele.

Ugonjwa wa kisukari uligundulika mwaka 2018, na mwaka 2021 ukagusa figo. Alitibiwa hapa hospitali ya mkoa na baadaye Mbeya, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Hapo kitandani ndipo aliposema kwamba habari ya majani isomwe mbele ya watu siku ya mazishi yake. Mama Fidea alikataa. "Mambo ya ndani hayasomwi kaburini, Zenon. Watu waseme mema." Akajibu, "Dada, mji unasema mabaya ya mtoto wa watu mpaka leo. Mkiyaacha hayo, basi msisome kitu. Nizikeni kimya, nimekizoea." Fidea alitoka nje. Alirudi baada ya muda, akaketi kitandani, akasema, "Isomwe. Ila waseme pia kwamba ulitembea kwa miguu mpaka kituoni." Tumesema.

Alipokea sakramenti zote, akafariki dunia nyumbani kwake Mazwi alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Machi 2023, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Juzi, vijana walipokuja hapa na majembe na sururu kuchimba kaburi, Andwele alikuwa ameshawatangulia. Alikuwa amesimama pembeni mwa shamba, daftari kwapani, kwa sababu faiba ya chuo inapita hatua chache kutoka hapa. Hakuwaonyesha mahali mara moja. Alikwenda kwanza kwa Mama Fidea aliyekaa chini ya blanketi lake, akachutama, akapiga makofi taratibu, akamwuliza, "Mama, majani haya yana mwenyewe. Tunaomba shimo." Fidea aliyaitikia makofi yake. Akasema, "Chimbeni. Ni ya kwake pia." Ndipo Andwele akahesabu hatua saba kutoka kwenye waya, akapigilia kigingi cha kwanza.

Marehemu ameacha mjane, Mama Perpetua. Watoto watatu, Oliva, Flavian na Adriano. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Dada yake, Mama Fidea. Mashemeji wa Kipili. Nyumba nyingi za Mazwi zenye alama ya nguzo uani. Na Andwele wa Tukuyu, ambaye kwa agizo la marehemu tunamtaja hapa, mbele yenu, kama mtu aliyeuliza kwa heshima na hakuwa na kosa alilosingiziwa.

Mzee Zenon, ulilolinyamazia limesemwa, na mwenye ardhi ameridhia. Bwana akupe pumziko lenye amani.